Seti ya kikaragosi cha kamba: mbao safi, uzi hovyo kabisa

Naona watu wanaulizia ile seti ya kikaragosi cha kamba inayouzwa mtandaoni, ile ya boksi yenye vipande vya mbao mtoto anaunga na kupaka rangi mwenyewe. Mimi na bwana mdogo wangu (ana miaka 7) tumeitengeneza mwanzo mwisho, basi ngoja niseme yangu. Nilinunua elfu 35, hela ya bodaboda juu yangu, duka silitaji maana wapo kibao wanauza kitu hicho hicho.

Mbao ziko poa jamani. Zimepigwa msasa vizuri, hamna vibanzi vya kumchoma mtoto, mikono na miguu imekatwa vipande viwili viwili ili kiwiko na goti vikunje. Vile vipete vya skrubu vya kufungia kamba unakaza kwa mkono tu, ila toboa kwanza kidogo na msumari mwembamba, ukilazimisha ubao unapasuka. Kazi ya kukaza mwachie mtoto, wangu aliipenda kuliko hata kupaka rangi. Rangi zenyewe ni za kawaida tu, nyekundu ilikuja imeshakauka tukatumia za shule, yakaisha.

Sasa njoo kwenye uzi, hapo ndo hasira zangu zilipo. Wameweka uzi wa pamba mwembamba, ukiuachia kidogo unajisokota wenyewe, ukigeuka ukachukua maji ya kunywa ukirudi ni fundo moja kubwa. Tena wameshaukata tayari na wameukatia mtu mzima! Mtoto akishika ile fimbo ya juu zinakofungwa kamba usawa wa kiwiko kikaragosi kinakaa chini miguu imekunjana, kwa hiyo inabidi anyanyue mikono juu muda wote, haikupita muda amechoka kakitupa kwenye kochi. Watu wanadhani mtoto kaboreka, hamna, mikono inamuuma. Urefu wa kamba unampima mtoto mwenyewe: asimame wima, akunje kiwiko, fimbo ikae hapo, nyayo za kikaragosi ziguse sakafu. Funga fundo zako hapo.

Halafu kichwani wameweka kamba 1 tu, katikati ya utosi. Kikaragosi kikining'inia kamba moja ya kichwa lazima kizunguke, na hiki kilizunguka haswa, unakigeuza kiangalie mbele kinakupa mgongo. "Mama, mbona anazunguka kama feni?" Tukang'oa ile pete, tukaweka 2 pembeni pale masikio yalipo, kila moja na kamba yake, tukaongeza na kamba 1 ya mgongoni kule chini ili ajue kuinama. Seti ilikuja na kamba 5, sisi tukaishia na 7: kichwa 2, mikono 2, magoti 2, mgongo 1. Hapo kikatulia kikaanza kutembea kama mtu mwenye shughuli zake mjini, na shikamoo anainama vizuri kabisa, bwana mdogo akazunguka nyumba nzima anaamkia mpaka friji.

Uzi mzuri nenda kwa fundi viatu wa mtaani kwako, ule mweusi anaoupaka nta, hauvutiki na haujisokoti ovyo, na mweusi hauonekani sana. Kama huna fundi karibu, chukua uzi mgumu wa kushonea upitishe kwenye mshumaa mara kadhaa. Mshipi wa kuvulia samaki kila mtu anakushauri, mimi nasema achana nao, umezoea kukaa kwenye roli yake ukiufungua bado umejikunja, unang'aa kwenye taa na fundo linateleza.

Kitu kingine miguu ni miepesi mno, inaelea elea haikanyagi chini. Gundisha nati ndogo chini ya kila nyayo, tofauti utaiona hapo hapo. Msiweke chubwi za wavuvi, nyingi zile ni madini ya risasi, ni sumu, na mtoto kuweka kitu mdomoni ni dakika sifuri. Supaglu shika wewe mzazi.

Karatasi ya maelekezo haisaidii kitu, picha ndogo na mishale inapishana. Sisi tulifungua video za lile jumba la vikaragosi la Salzburg, Austria, wapo tangu 1913 na wanachezesha opera nzima nzima na kamba, tukawa tunaangalia vidole vyao tu. Fimbo unaiyumbisha kushoto kulia na magoti yanapanda kwa zamu, hiyo ndo siri ya kutembea.

Kwa mtoto chini ya miaka 6 hii siyo, atalia na wewe utalia. Huyo mtengenezee wa staili ya Rajasthan kule India: kichwa na mikono tu, chini hamna miguu ni gauni refu, na kamba moja inatoka kichwani inapita kwenye vidole vyako inarudi mgongoni. Vipande vya kitenge kwa fundi cherehani unapewa bure, na mtoto anacheza siku hiyo hiyo.

Seti naipa nyota 3, zote za mbao. Kama muuzaji unapita hapa, tuuzie mbao na vipete peke yake kwa elfu 20, uzi tutajitafutia.