Washauri wa vyuo vya ng'ambo, Milimani, Kisumu: maoni ya mzazi

Binti yangu yuko sekondari na anatamani kusomea uhandisi Marekani. Washauri hawa wa Milimani ninawasifu kwa jambo moja hasa: walimsikiliza mtoto kabla ya kunisikiliza mimi.

Nilifika na orodha ndefu ya shughuli: skauti, mdahalo, drama, kwaya. Mshauri mmoja akatufungulia fomu ya Common App, ile ya mtandaoni inayotumika kuomba nafasi katika vyuo vingi vya Marekani. Nafasi za shughuli ni 10 tu, na maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150. Kisha akamgeukia binti: "Ukiwa likizoni, unafanya nini bila kutumwa?" Akajibu kwamba hupiga picha gugumaji pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, na kuandika daftarini upepo umelisukuma upande gani. "Basi anzia hapo, mwanangu." Sasa anayageuza hayo kuwa mradi wa maonyesho ya sayansi, na daftari limejaa! Tukaelezwa pia kwamba kulea wadogo zake na kusaidia dukani huandikwa kwenye fomu hiyo kama shughuli kamili. Wazazi wengi huku hatulijui hilo.

Ada yao ni nzito, na wangekubali kulipwa kidogo kidogo ingefaa sana. Kuhusu KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo hapa Kenya, hawakusema lolote hadi nilipouliza. Huko mtoto hupangiwa chuo kwa alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari; vilabu havihesabiwi.

Mpelekeni mtoto mapema, anapoanza sekondari. Mwaka wa mwisho ni mitihani mfululizo.