Sabufa ya inchi 12 kwenye Probox yangu, Malindi: fundi alianza na swali la vioo

Nimekaa na sabufa hii tangu kabla ya masika. Nimebeba nayo abiria, magunia na jamaa zangu, nimeenda nayo hadi Mokowe na kurudi, kwa hivyo naizungumzia kitu ninachokijua. Kazi nimeipenda na nikibadilisha gari nitarudi kwa fundi yuyu huyu. Lakini nataka kuwaeleza wenzangu wa Pwani habari ya boksi, maana hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi, na ndipo wengi wanapobana.

Vifaa ni vya kawaida. Spika moja ya inchi 12 yenye koili mbili za ohm 4, zikaungwa sambamba zikawa ohm 2. Amplifaya ya monobloki, yaani ya njia moja tu, ya wati 500. Waya wa geji 4 kutoka kwa betri, na fyuzi ya ampia 60 hapo hapo karibu na betri. Spika na amplifaya nilinunua Mombasa. Boksi, kufunga na kupima nilimpa fundi mmoja wa Maweni, na mbao pamoja na ufundi zikaja kama shilingi 14,000. Kuna wanaofanyiwa kwa nusu ya hiyo.

Fundi aliingia kiti cha nyuma akakaa kwanza, hata utepe wa kupimia hakuutoa. Akaniuliza, "Kaka, wewe huendesha vioo wazi au vimefungwa?" Nikamwambia wazi, AC haifanyi kazi na jua la Malindi mwenyewe walijua. "Na wasikiliza nini?" Bango, rumba, rege, na taarab za zamani nikimpakia shangazi.

Jibu la vioo ndilo lililoamua umbo la boksi, na sababu yake ni nzuri mno kuipita mbio.

Sauti nzito ina mawimbi marefu. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Mdundo wa hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, una wimbi la urefu wa karibu mita 8.7. Ndani ya Probox, kutoka dashibodi hadi mlango wa nyuma, hupati hata mita 3. Wimbi hilo halienei humo ndani. Badala ya kupita kutoka huku kwenda kule, hewa yote ya gari hubanwa na kuachiliwa kwa pamoja. Hali hiyo huanza pale nusu ya wimbi inapozidi urefu wa gari, na kwa gari kama langu ni kwenye hezi 65 hivi. Kutoka hapo kushuka chini, shinikizo hupanda, na kwa hesabu za karatasini laweza kufika desibeli 12 kwa kila oktava, yaani kila hezi zinapopungua nusu.

Sasa angalia upande wa boksi. Boksi lililozibwa kabisa hupoteza desibeli 12 kwa kila oktava ukishuka chini ya mlio wake wa asili. Gari linaongeza, boksi linapunguza, na mambo yanakaa sawa. Ndiyo maana mtu mwenye gari la saluni lililofungwa vioo, AC ikivuma, anatia boksi dogo lililozibwa na anapata besi ya kina isiyolingana na ukubwa wa kifaa chake.

Teremsha vioo vinne ukishika njia ya Mambrui saa saba mchana, na shinikizo lote hilo linatokea dirishani. Linabaki boksi na upungufu wake. Wengi wetu twanunua mabokisi yaliyotengenezwa tayari kwa magari yaliyofungwa, kisha twalaumu spika, twaongeza amplifaya, na besi bado haishuki.

Kwa hivyo mimi nilijengewa boksi lenye tundu. Kanuni yake ilielezwa na Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19: puliza juu ya mdomo wa chupa nayo italia kwa sauti yake moja, kwa kuwa hewa ya shingoni ni uzito na hewa ya tumboni ni springi. Boksi langu lina hewa ya lita 55. Tundu lake ni la mstatili, sentimita 4.5 kwa 36, limepinda kwa ndani na urefu wake ni karibu sentimita 70. Hilo hulia kwenye hezi 34 au 35. Likifika hapo, spika yenyewe hutikisika kidogo sana na tundu ndilo linalofanya kazi, na besi inatoka bila kusubiri msaada wa vioo.

Hesabu hizi hazikutoka kichwani. Spika ya heshima huja na karatasi yenye namba za Fs (mlio wake wa asili), Qts (jinsi inavyojizuia kutikisika) na Vas (kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na springi yake), na namba hizo ni urithi wa watu wawili: Neville Thiele, mhandisi wa Australia aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya mwanzo ya 1970. Kabla yao boksi mara nyingi lilikuwa la kubahatisha. Leo fundi wa Maweni anaingiza namba tatu kwenye programu ya simu na anajua mbao azikate wapi. Ukiuziwa spika isiyo na karatasi hiyo, ni vigumu mtu kukujengea boksi lake sawasawa.

Kuna hatari moja ya boksi lenye tundu nanyi muijue. Chini ya ile sauti yake, hewa haiishiki tena spika, nayo hurushwa mbele na nyuma hadi ipasuke. Hapo ndipo chujio la chini la amplifaya, linalozuia milio ya chini mno, huhitajika. Langu limewekwa hezi 28. Kwa juu, sabufa hukatwa hezi 80 na spika za milango zikaendelea. Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia hezi 41, kwa hivyo bango na rumba zote zimo ndani ya eneo ambalo boksi linafanya vizuri.

Kupima geini, yaani kiasi amplifaya inavyokuza sauti, ndiko kulikonifanya nimheshimu fundi huyu. Hakuzungusha kitufe huku akisikiliza. Alitoa spika kwenye waya, akacheza mlio wa hezi 40 kutoka kwenye simu, redio akaipandisha hadi robo tatu, akashika mita ya umeme pale waya za spika zinapotokea kwenye amplifaya na kupandisha geini mpaka mita ikasoma volti 31 na kitu. Wati 500 mara ohm 2 ni 1000, na kipeuo chake cha pili ni 31.6. Ukizidisha hapo, mawimbi yanakatwa vichwa, koili inapata joto na kuungua. Spika nyingi huungua hivyo, hata kwa amplifaya ndogo.

Na hapa niseme neno juu ya wati, maana vijana wengi wananiuliza ni wati ngapi kabla hawajasikia. Ukitoka wati 500 kwenda 1000 umepata desibeli 3 tu. Sikio huhitaji kama desibeli 10 ndipo lione sauti imekuwa maradufu, na hizo ni wati mara kumi. Ile namba kubwa iliyo ubavuni mwa katoni ni ya kilele cha sekunde moja au chini yake. Tafuta iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ya mfululizo. Besi kwa asili yake hudai nguvu nyingi. Harvey Fletcher na Wilden Munson walilionyesha hilo mwaka 1933 huko Marekani: sauti ikipunguzwa, sikio la binadamu huwa zito kwa milio mizito. Kwa vipimo vya siku hizi, mlio wa hezi 50 unahitaji karibu desibeli 78 ili usikike sawa na mlio wa hezi 1000 wenye desibeli 40. Ndiyo maana ukipunguza redio besi ndiyo inayotangulia kutoweka. Kile kitufe kidogo cha besi alichokifunga fundi chini ya usukani nakitumia kila siku: sauti ya redio ikishuka, besi naipandisha kidogo, na nikifunga vioo kwa mvua nairudisha chini sana, kwa kuwa gari linaanza tena kuongeza na besi inakuwa nzito kupita kiasi.

Matokeo? Shangazi yangu hapendi kelele, na nilimpakia kwenda Gede huku nimeweka taarab ya zamani. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, leo nausikia uzi wa besi wenyewe. Siku zote kwenye magari nasikia ngurumo tu." Nimejaribu pia rekodi nzuri ya ngoma za harusi, na vumi linatengana na chapuo, kila moja pahali pake. Rege inashuka hadi unaihisi kwenye kiti, na maneno ya mwimbaji hayafunikwi.

Chumvi. Hili wauzaji wa bara hawalijui. Hapa kwetu, na zaidi ukipita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, viungo vya waya vinaota kutu ya kijani upesi. Fundi alikwangua rangi ya bodi kwa msasa hadi chuma king'ae, akafunga waya wa hasi kwa bolti, kisha akapaka grisi juu. Nafungua na kukagua mara kwa mara. Waya nao ukwangue kwa kisu kabla hujalipa: ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme karibu asilimia 61 ya shaba, na huharibika haraka zaidi ikikutana na unyevu wa bahari. Dai shaba tupu.

Mlango wa nyuma wa Probox ni bati jembamba na ulitetemeka pamoja na namba pleti. Ulitulia baada ya kubandikwa shiti za mpira wa butili kwa ndani. Usikubali zile za lami za kuezekea paa. Kwa jua hili zinayeyuka na kunuka.

Kasoro zipo. Boksi la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18 ni zito na limekula sehemu kubwa ya buti, na Probox watu huinunua kwa ajili ya buti. Siku ya mzigo nalitoa, ndiyo maana nilitaka viunganishi vya kuchomoa. Fundi alichelewa kumaliza kuliko alivyoahidi. Usiku, injini ikiwa taratibu kwenye foleni pale sokoni, taa za mbele zinafifia kidogo mdundo ukipiga: amplifaya ikivuta wati zake zote huchukua karibu ampia 45. Tutabadilisha nyaya kati ya alternata, betri na bodi ziwe nene.

Juu ya majirani: kuta za mawe ya matumbawe zinazuia mazungumzo, hazizuii hezi 40. Nikiingia mtaa wa Shela hapa Malindi au nikikaribia msikiti nakizima kitufe kabisa. Kanuni za Kenya za kelele na mitetemo za mwaka 2009 zipo, lakini mimi naanza na wazee na watoto waliolala. Masikio yangu pia nayahifadhi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hupendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na desibeli 100 ni robo saa tu.

Wenye tuktuk mnaoniuliza kama mfunge boksi kama langu: nilimpelekea fundi swali lenu. Tuktuk haina mlango wala kioo cha kubana hewa, kwa hivyo msaada wa gari haupo hata kidogo, na mtambo wake wa kuchaji ni mdogo. Anashauri msifukuze hezi 35. Spika mbili za inchi 8 zenye unyeti mkubwa, boksi lenye tundu linalolia hezi 50 hivi, amplifaya ya wati 150, na chujio la chini hezi 40. Besi ya gitaa ya bango itasikika barabara, na betri itawasha tuktuk asubuhi.