Kipima oksijeni cha mgonjwa wa nyumbani: kabla hujatoa pesa, fikiria piko

Saa nne usiku, niko Malindi, simu yalia. Hakuna aliyepiga. Ni programu ya kile kipima oksijeni nilichomnunulia mamangu, naye yuko Shela, kisiwani Lamu. Kioo chekundu: 79.

Mama anatumia oksijeni nyumbani mwaka wa pili sasa. Mapafu yake yamechoshwa na moshi wa kuni. Daktari alitupa mipaka yake ya oksijeni ya damu, asilimia 88 hadi 92, na akatuonya tusiongeze lita za mashine kwa kutamani kuona 100, maana kwa mapafu kama yake oksijeni ikizidi nayo hudhuru. Sasa 79 si nambari ya kungojea kukuche. Nikampigia mdogo wangu, akamwamsha nahodha, nahodha akaitisha bei ya watalii, wakaenda kwa mashua usiku huo hadi Amu, mjini Lamu. Muuguzi akamshika mama mkono, akavitazama vidole, akaacha kidole na kumbana kipima cha sikioni. 91.

Mchana ule mama alikuwa arusini. Piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, imemkolea hadi kwenye kucha.

"Mwanangu, wasadiki kijidude kuliko mamako?" Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu, na hajaliacha hadi leo.

Kifaa hiki hupitisha kidoleni mwanga wa aina mbili, mwekundu na wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha hupima damu imemeza kiasi gani cha kila mmoja. Piko nyeusi yaweza kuuziba mwanga huo. Hina ya kawaida mara nyingi haina neno. Vidole vya baridi na mkono unaotikisika pia hukivuruga. Lakini kilichonikasirisha si piko. Kifaa kilijua kimeyapata mapigo kwa shida: mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba ile mistari ya mapigo kwenye kioo ilikuwa karibu kulala kabisa. Kilichonifikia Malindi ni nambari tupu, haina hata alama ya kuniambia "usiniamini sana."

Kwa hivyo sitakuambia habari za rangi, uzito wala betri, hayo utayaona mwenyewe dukani. Kama unamwangalia mgonjwa ukiwa mbali, uliza swali moja: je, kifaa kinanitumia nambari peke yake, au na ubora wa mapigo pia?

Kwangu mimi namba moja ni Nonin 3230, na sioni haya kusema naipenda kampuni hii. Ni ya Marekani, na ndiyo iliyotoa kipima cha kwanza kizima cha kubana kidoleni, mwaka 1995. Hiyo 3230 hutuma kwa Bluetooth, na hungoja ipate mapigo ya kuridhisha kabla ya kukihesabu kipimo kuwa tayari. Mama akiwa na piko hukaa inatafuta, mpaka anakasirika. Heri akasirike. Ukikosa hiyo na mgonjwa ana mtu wa kumsimamia, chukua Onyx Vantage 9590: haina Bluetooth, ila ina taa ya kijani, manjano na nyekundu inayosema mapigo yamekaaje. Mwenye kusimamia anapiga picha, anakutumia WhatsApp, taa unaiona.

Ya pili ni pete, Wellue O2Ring. Hii ni ya usiku. Hurekodi mgonjwa akiwa amelala, hutetemeka oksijeni ikishuka, na asubuhi simu iliyo karibu huvuta kila kitu, pamoja na nyakati alizosogea mkono. Stima ikikatika saa nane za usiku na mashine ya oksijeni ikazima, pete bado ina chaji yake. Mtungi wa akiba uwe karibu, lakini.

Masimo MightySat ni ya tatu kwa sababu ya bei tu. Huonyesha nguvu ya mapigo kwa nambari yake, jambo zuri sana, lakini hakikisha unayouziwa ina Bluetooth, kwani zipo zisizo nayo. Beurer PO 60 yatosha kwa mwenye bajeti ya kati.

Vya bei rahisi vya sokoni: kimoja ndicho kilichowapandisha watu wangu mashua usiku.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatalitaja ni ngozi zetu. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi vipima hivi viliuficha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Basi 92 ya mama yaweza kuwa chini ya hapo. Ukimpeleka hospitali, omba walinganishe kifaa chako na kipimo cha damu ya ateri, uandike tofauti.

Na wauzaji, jamani! Mmoja aliniambia kifaa "kinatuma hospitali moja kwa moja." Hospitali gani? Nani amekaa huko anangoja nambari za mamangu? Kinatuma kwenye simu, na simu yataka chaji na bando, basi. Mwingine alinitajia bei, nikasema nataka kifikishwe Lamu, bei ikapanda palepale kama kwamba Lamu ni ng'ambo. Nikaomba waranti, akaniandikia risiti kwa kalamu, hata nambari ya kifaa hakuiandika. Lipa ukishakifungua, ukakijaribu kwenye kidole chako, ukaona kimeshikana na simu yako.

Siku hizi mama akienda kupambwa, kidole cha shahada cha mkono wa kulia anakifunga plasta kwanza. Mpambaji analalamika kwamba mkono haukamiliki.