Matembezi ya ndege Arabuko-Sokoke kwa anayeanza: bundi asubiri

Matembezi ya kutazama ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, huanzia kituo cha misitu cha Gede, kando ya barabara kuu ya Malindi–Mombasa, karibu kilomita 20 kusini mwa Malindi. Hufanyika asubuhi, huchukua kama saa tatu, na huuzwa kwa yeyote, hata asiyewahi kushika darubini. Akipatikana mwongozaji mzuri, ni somo zuri sana. Ila ukienda msituni tu na kuliacha hori la Mida (mkono wa bahari), ng'ambo ya barabara, huenda ukarudi na shingo inayouma na ndege wanne daftarini.

Sababu ni msitu wenyewe. Arabuko-Sokoke una takriban kilomita za mraba 420, na si wa aina moja. Karibu na kituo ni msitu mchanganyiko, wenye kivuli kizito. Kwenye mchanga mweupe kuna mirihi (Brachystegia), miti iliyoachana, mwanga unaingia. Kwenye udongo mwekundu ni vichaka vya Cynometra, vimefungamana hasa. Huko ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ambaye wageni wengi humtaja kabla hata hawajashuka garini. Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18, rangi ya majani makavu, na mchana hukaa kimya kwenye tawi la chini. Kumtafuta kunaweza kumaliza asubuhi nzima, na anayeanza hajifunzi chochote zaidi ya kutazama alikoelekezewa kidole. Mwache kwa safari ya pili.

Mpangilio unaofaa ni huu: nusu saa ya kwanza pembeni mwa kituo, palipo wazi, kwa chozi, kwera na hondohondo (yule anayelia kama mtoto mchanga). Kisha njia ya msitu mchanganyiko, polepole. Kisha mirihi. Uliza mapema kama bei ina gari, maana mirihi na Cynometra haiko mlangoni.

Kwenye mirihi kazi kubwa ni kusubiri. Ndege wa huko hutembea kwa makundi ya aina mbalimbali: dakika ishirini hakuna kitu, halafu mti mmoja unajaa. Sikiliza vilio vikali vya Prionops, ndege wanaosafiri pamoja. Wakipita, wengine huwa nyuma yao. Mwongozaji anayekimbilia mbele kutafuta "kitu" hulipita kundi. Anayejua husimama. Hapo ndipo pa kumtafuta chozi wa Amani, dume lenye kichwa cheusi-kijani na tumbo jeupe, juu kabisa ya mti. Ukilala chali kwenye mchanga utamwona vizuri zaidi kuliko ukisimama. Kagua kwanza siafu.

Darubini za kuazimwa ndizo huharibu matembezi mengi. Zinazofaa msituni ni 8×42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Zile ndogo za 8×25 zinaingia mfukoni, lakini kivulini picha huwa giza. Za 10× zinakuza zaidi, na mtetemo wa mkono nao unakuzwa. Kabla ya kuondoka, dai dakika tano za kurekebisha. Kunja bawaba mpaka uone duara moja. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho (pete za pale unapoweka jicho). Asiye na miwani avipandishe. Ziba lenzi ya kulia, tazama maandishi ya mbali kwa jicho la kushoto, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka yakae sawa. Sasa ziba ya kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia tu (kwa darubini nyingi ndiko iliko). Basi, usiiguse tena. Na ukimwona ndege, macho yabaki kwake, darubini ndiyo ije machoni. Ukiinama kuitafuta, umeshampoteza.

Kero moja ya lugha: kuelekeza kwa saa, kana kwamba umesimama katikati ya uso wa saa. Mwongozaji akisema "saa tisa", mmoja anageukia kulia kwa sababu anasoma saa Kiswahili, mwingine kushoto kwa sababu anahesabu namba zilizoandikwa. Wanaofahamu kazi husema: "shina lenye gamba jeupe, tawi la pili kulia, karibu na ncha." Hiyo haina ubishi.

Kikundi kisizidi watu sita. Njia ni nyembamba, na wa nane huona migongo. Anzeni saa kumi na mbili kamili, kwani kufikia saa tatu na nusu joto linanyamazisha msitu. Vaa rangi ya majani au udongo, suruali ndefu, na beba maji lita moja na nusu. Tembo wapo, kwa hiyo hakuna kutangulia mbele ya mwongozaji. Na anayecheza sauti ya ndege kwenye simu mara kumi mfululizo, mwambie aache: ndege anaacha kula na kutunza kiota ili aje kupigana na mpinzani asiyekuwepo.

Kwa Mida, tazama jedwali la maji kabla ya kupanga siku. Maji yakiwa yamekupwa, ndege wako mbali, ni vitone tu. Fika ikiwa imebaki muda wa saa mbili au tatu maji yajae, yanapowasukuma ndege kuelekea ufukweni. Msimu wa kaskazi ndio wenye wageni wengi kutoka nchi za baridi, na pia Dromas ardeola, ndege mweupe mla kaa, mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye hata aliyeanza leo hawezi kumkosea. Siku za bamvua (mwezi mpevu au mwezi mwandamo) maji hujaa haraka, kwa hiyo wahi zaidi.