Uzoefu wangu: fundi aliyeniandikia "yes"

Nilisema sitaandika nikiwa na hasira, nikasubiri. Wiki kadhaa zimepita, hasira bado ipo, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa saccos moja ya mkoani. Seva, printa, simu ya bosi ikijaa picha, yote yangu. Tulinunua kabati la diski, yaani sanduku lenye diski nyingi ambamo seva inaweka data yake, kwa wakala mmoja, na juu yake tukalipia leseni ya kunakili diski pepe (sehemu ya kabati ambayo seva inaiona kama diski moja) humo humo ndani ya kabati. Ukubwa na bei mtatafuta wenyewe. Mimi nina la siku ile fundi wao alipokuja kutuonyesha kopi inavyofanywa.

Alifika kwenye saa nne asubuhi, siku ya marejesho, foleni imetoka hadi barazani. Nikamwambia kaka, tungoje jioni tukifunga. Akacheka. "Dada, mbona mwoga hivyo? Wateja hata hawatajua." Nikamuuliza, na databesi je, tuizime? Akasema mambo ya kuzima ni ya zamani.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kuanza, skrini inaleta kisanduku cha onyo, na kisanduku hicho hakikubali ubonyeze tu. Kinataka uandike neno yes, herufi kwa herufi. Waliokitengeneza walitaka mtu atulie asome. Onyo lenyewe ni mambo mawili: diski inayonakiliwa itakuwa ya kusomwa tu mpaka kazi iishe, na kila kilichomo kwenye diski inayopokea kitafutwa. Mimi nilikuwa nimefika la kwanza. Mkono wake ukapita mbele ya uso wangu, huku anasimulia mechi ya jana yake, kidole kimoja: y, e, s. Enta.

Chai yake haijapoa, keshia wa dirisha la pili akaita: "Mfumo umegoma!" Halafu wa kwanza. Kila aliyeingiza rejesho alikataliwa, maana diski haikubali tena kuandikwa, na XFS, mfumo wa kupanga mafaili wa kwenye Linux, ikishindwa kuandika logi yake (daftari la mabadiliko) haibembelezi mtu, inajifungia. Data yetu ni kama GB 800. Hata ukipata MB 100 kwa sekunde, hapo ni zaidi ya masaa mawili, na yeye alikuwa ameweka kasi ya chini kabisa "ili wateja wasisikie". Mama mmoja aliyefunga hela za kikundi chake kwenye pindo la khanga akaniuliza, "Mwanangu, akiba zetu zipo?" Nikamjibu zipo. Sikuwa na uhakika.

Sikuwa na uhakika kwa sababu ya lile onyo la pili. Diski inayopokea ndiyo iliyokuwa na kopi yetu ya mwezi uliopita! Tulipokatisha kazi katikati ili keshia warudi kazini, kopi ya zamani ilishaliwa na mpya haijatimia. Nusu kopi ni takataka. Kulikuwa na diski ya nje nyumbani kwa mhasibu, ya wiki mbili nyuma, basi. Ukiacha hiyo, vitabu vyote vya saccos vilikuwa mahali pamoja tu, na mahali penyewe ndipo palipojifungia.

Ilipofunguka na databesi ikajinyoosha kutoka kwenye logi zake, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Fundi akapita na begi lake. "Unaona dada? Imerudi. Nilikwambia usiogope." Hata pole hakusema.

Nyota sifuri.

Ila niwe mkweli, kabati halikunikosea. Lilitii lilichoambiwa. Wiki ile nililala na kitabu chake cha maelekezo, nikairudia kazi usiku peke yangu: databesi nimeizima, diski zote mbili nimezichomoa kwenye seva kwa amri, na za kupokea nimetenga mbili zipokezane, moja ikifutwa nyingine iwe nzima. Ilipomaliza, majogoo wanawika, nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu. Tena kuna njia ya kunakili kazi ikiendelea: kabati linapiga kwanza picha ya diski ilivyo dakika ile, halafu linanakili kutoka kwenye picha. Ilikuwa kwenye menyu ile ile, mstari wa chini yake! Japo hata hiyo, usipoituliza databesi kwanza, unapata picha ya mtu iliyopigwa akiwa anapepesa macho.

Nyota nne basi. Kopi ikikaa kabati moja na asili yake na kabati likaungua, vyote vimekwenda, kwa hiyo ya tano sitoi.

Siku chache baadaye nikataka kuifungua ile kopi nione kama kweli vitu vimo. Ikakataa kupachikwa, yaani kuunganishwa kwenye seva isomeke. Nikajishusha, nikampigia. "Hiyo imeharibika dada, ifute uanze upya." Kipanya kiko mkononi. Sijui nini kilinizuia, nikasoma kwanza logi ya kerneli, kiini cha Linux: UUID inafanana na ya diski nyingine. Sasa si lazima ifanane? Kopi ya kweli inachukua mpaka namba ya utambulisho, na XFS haikubali pacha wawili kwenye seva moja. Nikaongeza nouuid kwenye amri, na ro ili kisiandikwe kitu, ikafunguka. Nikalinganisha sha256, alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili, za mafaili ya miaka iliyokwisha fungwa, yale yasiyoguswa. Zote sawa.

Yaani mtu huyu angenifutisha kopi nzima, kwa mara ya pili! Nyota zangu nazirudisha mfukoni. Hapana, kabati libaki na zake nne, lilizifanyia kazi. Na mkilinunua, akija fundi, kiti cha mbele ya kibodi kaeni nyie.

Juzi kanitumia ujumbe. "Dada, za siku? Mkataba wa matengenezo unaisha. Jibu NDIYO niwatumie ankara." Bosi anasema tulipe tu, mkoa mzima hakuna mwingine. Ujumbe nimeusoma, tiki za bluu kaziona. Bado sijaandika kitu.