Nilinunua kaktasi mbili, kumbe moja sio kaktasi

Nimekaa nazo mwaka na miezi minne sasa kwa hiyo nadhani naweza kuongea. Nilizitoa kwenye kitalu kimoja cha miche huku Dar, pale pale barabarani, elfu 45 zote mbili baada ya kuvutana sana. Moja ya duara kama mpira, miiba ya njano, nyingine ndefu ina kona tatu na vijani vidogo pembeni. Nikauliza kaka hizi zinaitwaje, akanijibu "dada zote kaktasi hizo, hata ukisafiri miezi mitatu unazikuta". Haya.

Ile ya duara ndio imeniteka. Jina lake la kitaalamu Echinocactus grusonii, ila tangu 2014 wapo wanaoiita Kroenleinia, kwao Mexico na huko porini ipo hatarini kutoweka, hizi tunazouziwa zinaoteshwa kwa mbegu kwenye vitalu. Kuitambua sio kazi, ina migongo iliyonyooka toka juu mpaka chini, juu ya migongo kuna vidoti vya manyoya na miiba inatokea hapo kwa mafungu, halafu utosini ina sufi ya njano kama kifaranga cha jana. Maua sahau, inataka miaka na miaka mpaka iwe limpira likubwa, na yenyewe hutoa ya njano, kwa hiyo ukikuta kadogo kana ua la pinki chungulia chini ya ua utaona gundi. Pale kitaluni yalikuwepo, nilishika moja likabaki mkononi, kaka wa watu akaangalia barabarani.

Sasa ile ndefu jamani. Nilikata tawi nikapande kwenye chungu kingine, ukatoka utomvu mweupe kama maziwa, nikafuta mkono kwenye kanga, kidogo tu nikajikuna jicho. Usiku sikulala, nimeosha jicho na maji mpaka ndoo imeisha, asubuhi niko hospitali jicho limeumuka kama andazi. Kumbe ni yuforbia, Euphorbia trigona, ndugu yake mnyaa ule wa kuzungushia uzio, ambao Wamasai wanauita emanyara na ndiko Ziwa Manyara lilikopata jina. Zipo kaktasi chache zenye maziwa pia, kwa hiyo angalia vile vidoti vya manyoya, kaktasi lazima iwe navyo, yuforbia haina, miiba yake imechomoza kwenye kona miwili miwili.

Kuhusu maji, ile ya duara ni kweli inavumilia ukame, kinachoiua ni huruma. Mama mkwe alikuja kukaa kwetu wiki tatu, kila asubuhi anaipa kikombe, "mwanangu hiki kitu kitakufa na kiu", sikuweza kumwambia mama acha. Alipoondoka nikaibonyeza chini, laini kama parachichi. Nikaing'oa kwa gazeti nililolikunja mara nne (glavu zangu za bustani miiba ilipita tu), udongo wa kitaluni ulikuwa mweusi umegandana kama ugali wa jana, nikakata mizizi iliyooza mpaka nikakuta pazima, nikaiacha kivulini ikauke zaidi ya wiki, ndio nikaipanda kwenye mchanga wa mtoni na kokoto ndogo na udongo kidogo, chungu cha kufinyanga chenye tundu. Kimya mwezi mzima, halafu utosini ikaanza kutoa miiba mipya, ikitoka inakuwa myekundu kidogo kabla haijawa njano, nilimwita mume wangu aje aone akasema sawa. Siku hizi naimwagilia udongo ukikauka kabisa mpaka chini, na masika naivuta barazani.

Mmea naupa 9 kwa 10, kitalu 4, na hiyo 4 ni kwa sababu walinipakilia vizuri kwenye boksi. Yuforbia iko nyuma kwenye ukuta ambako watoto hawapiti, inarefuka kuliko hata nilivyotaka. Na pale mlangoni kwao kuna duara moja kubwa kama sufuria la pilau la shughuli, laki 2, kila nikipita na daladala nageuza shingo.