Tosca ya Callas, 1953: ngoja niwarudishie hapo tena

Haya wadau, karibuni. Leo nina hasira na nina furaha, vyote kwa mpigo. Mzigo umefika! Tosca, opera ya Puccini, ile iliyorekodiwa kwenye jumba la opera la La Scala, Milan, mwaka 1953: Maria Callas ni Tosca, Giuseppe di Stefano ni mpenzi wake, Tito Gobbi ni Scarpia, na Victor de Sabata mbele ya okestra akiiongoza. Santuri mbili. Hadithi yenyewe mnaijua, sirudii.

Hasira kwanza. Aliyeniuzia aliandika "kama mpya". Ona upande wa nne, ngoja nisogeze kwenye taa... unauona huo mkwaruzo? Di Stefano anasubiri kupigwa risasi alfajiri, anazililia nyota, na mimi nasikia bisi zinapasuka kwenye sufuria. Na nauli ya mzigo imekaribia bei ya santuri zenyewe!

Tuyaache. Nimewaiteni kwa ajili ya kitendo cha pili. Scarpia, mkuu wa polisi wa Roma, anataka mwili wa Tosca ndipo amwachie mpenzi wake. Tosca anakiona kisu mezani. Anamchoma. Msikieni Callas: "Muori!" Kufa! Hapo sauti bado imejaa, ni opera ile mnayoijua. Sasa tulieni, okestra inashuka, naongeza sauti kidogo...

"E avanti a lui tremava tutta Roma."

Mmesikia? Na mbele ya huyu Roma nzima ilikuwa ikitetemeka. Noti moja ya chini, inarudiwarudiwa, basi. Wapo wanaoipigia kelele hapa, wapo wanaolia. Callas karibu anaongea. Sauti kavu, ya kifuani, ya mtu aliyesimama juu ya maiti anajiuliza: kumbe ni huyu tu? Narudisha sindano. Sikiliza neno "Roma", anavyoliachia tu, halisukumi. Mara ya tatu, mnisamehe.

Halafu anaweka mishumaa miwili, huku na huku kwa maiti, na msalaba kifuani. Mambo hayo yametoka kwenye tamthilia ya Mfaransa Sardou ya 1887, aliyomwandikia mwigizaji Sarah Bernhardt. Kwenye santuri huoni kitu, lakini de Sabata anakutembeza chumbani taratibu mpaka unashika pumzi.

Kuna mtu ataandika hapo chini: "Lakini ni mono." Ndiyo, ni mono, sauti ya njia moja, si stereo! Na kwenye Te Deum, ule wimbo wa kanisani wa kumsifu Mungu, mwisho wa kitendo cha kwanza, kengele, mizinga, kwaya nzima ya kanisa, nilikuwa nimejiandaa kuitetea, lakini nimeisikiliza jana usiku na... aah, ile Tosca ya kondakta Karajan ya 1962, na Leontyne Price, inafungua ukuta wa sebule. Di Stefano yumo humo pia, ila miaka tisa si mchezo, koo limechoka. Kama una pesa ya moja tu na unapenda spika zako kuliko waimbaji, chukua hiyo. Mimi nabaki na Gobbi. Scarpia wake ana adabu, na hiyo ndiyo inayotisha.

Wiki ijayo ni ile Tosca ya televisheni ya 1992, na mwimbaji Domingo, iliyochezwa Roma kwenyewe, kanisani na ngomeni mle mle hadithi inamotokea. Niliwaahidi tangu mwezi uliopita, najua, msinisute. Callas naye mara yake ya mwisho kucheza opera jukwaani ilikuwa Tosca hii hii, Covent Garden, London, Julai 1965.

Bonyeza kengele. Ngoja nirudishe sindano mara moja tu.